Taa ya Nkambo Banza kwenye Ziwa Kisale

Jumanne, Kamina. Mvua ya asubuhi imeacha matope mekundu mpaka mlangoni, na mimi nimejaa maswali.

Kesho nafundisha darasa la sita somo la minara ya taa: mnara mrefu kisiwani, mlinzi wake, meli zinazouona kwa mbali. Nakiri, bahari sijawahi kuiona. Kwa hiyo leo mchana, tukichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, nilimuuliza mama kama kwao Kinkondja waliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo.

Aliacha kuchambua. Kumbe mlinzi wa taa alikuwa baba yake.

Nkambo Banza, babu yangu, aliishi juu ya kimoja cha vile visiwa vya mafunjo vinavyoelea ziwani, ambapo watu hujenga vibanda na kukausha samaki. Alisimamisha mti mrefu, akatundika taa ya mafuta, na nyuma yake akaweka bati alilolisugua kwa majivu hadi likang'aa. Wavuvi waliochelewa walielekeza mitumbwi kwenye mwanga huo, wakaipata njia ya maji katikati ya mafunjo. Nilimbana mama: mti ulikuwa na urefu gani? Nani alikata utambi? Masizi ya kioo alikuwa akiyafuta yeye mwenyewe, akiwa mtoto! Miaka yote hii hajaniambia.

Hadithi niliyokua nayo ni fupi. Nkambo alisinzia, taa ikazimika, mdogo wake Kalenga akafa maji. Lawama zikamfukuza mpaka Kamina. Binti wa Kalenga, mama mkubwa Ngoie wa Bukama, hajawahi kukanyaga kwetu.

"Lampe haikuzimika," mama alisema. "Kisanga njo ilitembea." Yaani kisiwa chenyewe ndicho kilichohama.

Maji yanapopanda, kila mtu hulegeza kamba za kisiwa chake ili kiinuke bila kupasuka. Nkambo naye alilegeza, kama kila mwaka, bila kuifikiria taa. Upepo ukakisogeza. Taa iliwaka vizuri, ila mahali pasipo pake, na Kalenga akaifuata mpaka ndani ya mafunjo. Mtumbwi ukanasa, ukapinduka.



Kwa nini Nkambo alinyamaza? Mama anadhani aliona afadhali aitwe mvivu kuliko Ngoie ajue kwamba baba yake aliponzwa na taa aliyoiamini. Mimi sina hakika. Labda aliona aibu tu.

Nilimpigia simu mama mkubwa kabla woga haujanishika, nikamweleza yote. 

"Kumbe hakulalaka?" akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa macho, anamungoya baba yako."

Akalia. Kisha akaomba kuongea na mama, nami nikatoka nje.

Mpaka sasa wanaongea, na kwa mara ya kwanza leo sitaki kuuliza kitu.