Nani Alikuwa Analia

Mwalimu Mutiso,

Darasa lako la Kilatini nimepewa mimi. Wiki mbili baada ya kukuzika kule Kivaa, Sista Mkuu aliniita, akasema wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, hawawezi kukaa bila mwalimu, na mimi ndiye mwanafunzi wako wa mwisho. Nikakubali. Ndipo akaongeza: "Jumatatu nitaketi hapo nyuma nisikize. Nikiona hawashiki kitu, tufunge hii darasa, wafanye kazi ingine."

Tangu hapo sikulala vizuri. Kuna jambo ulikufa ukiliamini, na si kweli.

Mara ya mwisho kunifundisha, ukiwa kitandani, tulikuwa kwenye yale maneno ya Kilatini yaliyo nusu kitenzi, nusu kivumishi. Ulikuwa unakohoa kila sentensi. Ukaniuliza, "Umeshika, mama?" Nikasema ndiyo. Mzee akikuuliza hivyo, tena amechoka vile, utamjibu nini kingine? Ukavua miwani, ukafurahi, ukalala. Mwalimu, sikuwa nimeshika hata kidogo.

Jumatatu nikaandika ubaoni: Flens matrem vidi. Nikaipitishia Kiingereza, ambacho "crying" yake haibadiliki hata uiweke wapi, nikawaambia maana yake ni nilimwona mama akilia. Wanovisi wakaitikia pamoja, "Ndiyo, Mwalimu," macho kwenye madaftari. Ile "ndiyo" naijua. Nilikupa wewe. Huko nyuma Sista Mkuu alikuwa anaandika kitu, na jasho likanishuka mgongoni.

Ningeweza kuendelea tu. Badala yake nikasema, "Mimi hii sentensi sijaielewa. Sijawahi." Kalamu ya Sista ikasimama. Nikafungua mbele yao daftari lako la Kilatini ulilotuachia.

Kanini, novisi ambaye huwa hasemi, akainua mkono. "Mwalimu, na mimi sijashika. Kwani hapo nani alikuwa analia?"

Tukatafuta pamoja, tukibishana. Kumbe flens ni mimi: nilimwona mama nikilia. Angekuwa mama analia, ingekuwa flentem. Kilatini humfuata mwenye kitendo mpaka mwisho wa neno, na Kiswahili chetu nacho humtaja: nikilia, akilia. Mimi nilikuwa nimekimbilia Kiingereza, kinachokuachia kubahatisha. Kengele ikalia, hakuna aliyesimama.

Sista Mkuu alipita mlangoni bila kunitazama. "Endelea mpaka Pasaka," akasema. "Halafu nitakuja tena." Sijui kama alikasirika. Bado naogopa.

Nakuahidi hivi: sitapokea "ndiyo" ya heshima darasani mwako. Atakayesema ameelewa atanionyesha, na asiyeelewa hatachekwa.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Nakulilia, na najilaumu. Siku ile ningekuambia ukweli, ungevaa miwani tena, ukasema tuanze upya, na ningekaa nawe saa moja zaidi.

Mwanafunzi wako,
Mueni