Ufunguo wa Kufuta

Kijiji cha Raila, Kibera
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Ndunge, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako, ambaye bado ana meno yote na maneno yote. Mimi ni mzima. Kile kifua cha Juni kimepoa, na suruali zinanibana kwa sababu ya chapati za mama mmoja hapa kona ambaye Mungu atamhukumu. Je, wewe u mzima? Goti la Mwaitu linaendeleaje? Mutunga aliporudi kutoka huko nyumbani Kyuso aliniambia kwamba Mwaitu sasa anakwenda kanisani bila fimbo, na kwamba kibanda chako cha mboga kimepata mabati. Nilifurahi hadi nikawasimulia watu ambao hawakuniuliza. Barua hii nayo anakuletea yeye Mutunga. Najua unashangaa kwa nini naandika kwa kalamu na simu ninayo. Soma tu, utaelewa.

Habari ya kwanza ni kwamba kaka yako amekuwa landilodi. Usikimbie kumwambia Mwaitu, sina jiwe wala bati. Plot yangu ya kupangisha iko ndani ya ile kompyuta kubwa nyeusi iliyo chini ya kitanda, ile inayovuma kama mashine ya posho. Kompyuta ni moja, lakini ndani yake nimetengeneza kompyuta nyingine kadhaa, kila moja na mlango wake, na hakuna inayojua jirani anapika nini. Wenye vyeti wanaziita virtual machine. Mimi naziita wapangaji. Wewe unayajua haya kuliko mimi, maana uliwahi kuwa mpangaji humo, lakini niache niringe kidogo. Niliacha shule Form Two, nimefika Mombasa mara mbili na Namanga mara moja, na hakuna kompyuta iliyowahi kuniuliza cheti.

Siku hizi wapangaji ni watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Hope, mwenye shule ya chekechea kule Sarang'ombe. Ameweka majina na ripoti za watoto wake wote. Wa pili ni Phanuel, kiongozi wa kwaya yetu, aliyeweka nyimbo walizorekodi tangu kwaya ianze. Wa tatu ni mimi mwenyewe, chumba cha kuvunja na kutengeneza.

Sasa, huyo Phanuel alikuja hapa mwezi wa saba, akanisikiliza nikijisifu mpaka chai ikapoa, kisha akauliza kwa upole nyumba ikishika moto kwaya itaenda wapi. Akanikumbusha kwamba hapa Raila vyeti vya kuzaliwa havilali nyumbani kwa mwenyewe. Vinakaa kwa shangazi mtaa mwingine, au kwa pasta, kwa sababu moto ukija haubishi hodi. Alisema hata nyanya yake, asiyejua a wala be, alikuwa na akili hiyo, na mimi profesa wa plot nimelaza landilodi, wapangaji na makaratasi yao chini ya kitanda kimoja. Ndunge, niliinuka nikampashia chai upya. Mimi!

Basi nikaanza kutafuta pa kuweka mali za watu. Nilizunguka maduka ya mjini kwa siku tatu, nikijifanya mnunuzi wa kampuni. Muuzaji mmoja alinisifia kisanduku kidogo kama nusu mkate. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya wa mtandao, kina diski mbili ndani, kila unachoandika kinaandikwa kwenye zote mbili, na diski moja ikifa nyingine inaendelea na kazi kama mjane mwenye bidii. Nilikipenda palepale. Nilikibeba hadi dukani kwetu, kituo cha Kawangware 56, nikatangaza kwamba shida za dunia zimeisha.

Pale dukani niko na Dalmas, fundi wa redio na televisheni, mtu wa Homa Bay, na unajua watu wa kule hawashindwi kwa mdomo. Alikizungusha kile kisanduku, akaniuliza kitu nikikifuta kwa makosa kwenye diski ya kwanza, ya pili inafanya nini. Nikamwambia inafuta pia, papo hapo. Akasema basi nimenunua kioo, na kioo hakiweki sura ya jana. Wateja walicheka, nami nikacheka. Lakini kicheko changu hakikuteremka chini ya shingo.

Tulibishana wiki nzima. Dalmas alitaka niongeze diski ya kuchomeka tu, niwe naibeba mfukoni. Nikamwambia mfuko wangu umetobolewa na vijana wa stage mara mbili, sitaki wa tatu. Mwishoni tukakubaliana hivi: kisanduku kibaki nyumbani Kibera, wapangaji wakitumie kila siku. Kisha tukachukua kompyuta kuukuu ambayo Ng'ang'a wa hardware alikuwa anaitumia kupanga mikebe ya rangi, tukaipangusa, tukaitia diski kubwa, tukaiweka dukani Kawangware. Kila siku saa saba mchana, stima ikiwa imetulia na mimi nikiwa naitazama kwa macho, nakala za wapangaji wote zinasafiri kwa mtandao kutoka Kibera hadi kwake. Inaweka siku thelathini. Kwa hivyo kukiharibika kitu leo, naweza kukirudisha kilivyokuwa juzi. Huku moto, kule nakala. Hata nyanya ya Phanuel angenipigia makofi.

Siku ya kujaribu nilimwalika Mwalimu Hope dukani, nikavaa shati jeupe. Nilimwambia atazame vile mtaalamu anavyofufua. Kompyuta yake iliwaka, ikaonyesha shule bila mtoto hata mmoja. Dalmas aliniuliza kama hao watoto wako likizo. Hope hakucheka. Alishika kiti, akasema kwa sauti ndogo kwamba ripoti nyingine hana popote, na kuna mama aliyehamia mbali anayemwomba ya mtoto wake kila wiki. Ndunge, ule uso wa Hope niliujua. Nilishawahi kuuona kwa mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nachukua nakala ya chumba na kusahau stoo yake, yaani diski yenye ripoti zenyewe. Nilirekebisha, tukangoja hadi kesho yake, tukajaribu tena, na watoto wote wakatoka, hadi yule wa mama aliyehama. Hope aliniambia kwamba nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni uvumi. Nikaapa nitajaribu kila mwezi.

Hapo Dalmas alidhani tumemaliza. Mimi nikasema bado. Nikaweka sharti kwenye ile kompyuta ya Kawangware, kwamba hakuna atakayefuta nakala bila neno la siri, na hilo neno nisilijue mimi. Dalmas alinitazama sana. Aliniuliza ni landilodi gani anajifungia nje ya plot yake mwenyewe. Nilimjibu kwa mzaha, kama kawaida. Wewe nakujibu kwa ukweli, na ndiyo maana naandika, kwa sababu kwenye simu ningesikia sauti yako nikageuza mzaha tena.

Unaikumbuka ile wiki yako ya mwisho chuoni. Kazi yako ya diploma ilikuwa katika ile kompyuta yangu: programu ya kuweka kadi za kliniki za watoto, ili mama akiunguliwa na nyumba asipoteze chanjo za mwanawe. Miezi mitano uliijenga. Ulirudi jioni ukaikuta haipo, nami nikakuambia stima ilipotea ikarudi kwa nguvu.

Stima haikupotea siku hiyo, Ndunge. Marafiki zangu walikuja kutazama mpira, nikataka kuwaonyesha mchezo mpya wa kompyuta, diski ikaniambia imejaa. Nikafungua orodha ya wapangaji, nikaona jina nisilolitambua, nikafuta. Sikuuliza. Nilijua chumba kile kilikuwa chako dakika uliyoingia mlangoni.

Na wewe ukasema ni kosa lako, uliiacha ikiwaka. Ukalia, ukaniomba msamaha kwa kuharibu mashine yangu. Nami nikakusamehe! Nilisimama pale na kifua changu kikubwa nikakusamehe. Ukaenda Kyuso, hukurudi chuoni, na kila Krismasi unanitumia kuku na kuniandikia kwamba ni wa kulipia ile kompyuta. Nimewala hao kuku, dada yangu. Watano sasa.

Kwa hivyo neno la kufuta limo katika karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hii. Hope alilibuni na kuliandika mwenyewe, akaifunga karatasi kwa gundi, sijaliona. Bado naweza kuipiga kompyuta nyundo, lakini kidole changu peke yake hakiwezi tena kumfukuza mtu. Nikitaka kufuta chochote, lazima nikuulize wewe. Nimekutengenezea pia chumba, kitupu, kina jina lako kwa herufi kubwa. Ukikitaka ni chako. Ukikasirika kwanza mwaka mzima, kasirika, kitakuwapo. Kazi yako siwezi kuirudisha. Hakukuwa na nakala popote; nimetafuta hadi kwenye diski nilizowauzia watu.

Mwaitu unaweza kumwambia au kumficha, uamuzi ni wako. Ila mwambie nampenda, na goti asilitese kwenye kilima. Wasalimu majirani, umsalimu na yule mwalimu wako wa zamani ukikutana naye, umwambie hukushindwa. Dalmas na Hope wanakusalimu. Mutunga anarudi Alhamisi, na sijamwambia angoje jibu.

Si stima, wala si wewe. Ni mimi niliyefuta,

kaka yako,
Musembi