Baridi ya Motokari na Njia ya Swima

Kwako yaya wangu, dada yangu mkubwa, uliye mbali Albertville,

Hapa Fizi mvua imekawia, na kitanda chetu kimekuwa kikubwa mno. Bado ninalala upande wangu wa ukutani, kana kwamba utaingia unisukume. Mama ananiambia nijinyooshe, nafasi iko. Mimi hiyo nafasi siitaki.

Shuleni masista wakiniuliza jambo, jibu ninalijua kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, lakini linakwama kooni kwa lugha zote mbili. Zamani nilikuwa ninakuletea majibu yangu jikoni, wewe ukisonga bukari, unayasikiliza moja moja. Sokoni ulininunulia chumvi, maana mbele ya mwuzaji sikuweza kusema. Wageni wakinisalimu, ulijibu "Hajambo huyu" kabla sijainamisha kichwa. Siku hizi wageni wanangoja nijibu, na mimi ninangoja wewe ujibu.

Ndiyo maana ninairudia sana ile siku uliyoondoka kwenda kuolewa. Siku ile wewe ndiye uliyekatazwa kusema.

Mjomba alikuja na motokari ya bwana wake, mzungu wa kampuni ya pamba, ile ya Amerika inayotoa baridi kwa matundu ya nyuma. Watoto walibandika mikono kwenye vioo, wakaikimbiza mikono yao mashavuni. Mjomba alikaa mbele peke yake. Sisi watatu tulikaa nyuma: wewe katikati, mimi mkono wako wa kushoto, na upande wa pili shangazi wa mume wako, aliyekuja kukuchukua. Ulikuwa umepakwa mafuta na poda nyeupe usoni, na tangu mlango wetu mpaka mlango wa bwana wako hukuruhusiwa neno hata moja. Hata ungeumwa na nyuki.

Tulikuwa tumepanga kupita Baraka, twende kwanza Swima kwa Tate, mama yake mama, ambaye miguu yake haimleti tena huku juu. Kwetu msichana haendi kwa mume kabla nyanya hajachukua maji kinywani na kumrushia kifuani. Tate alikuwa ametuma neno kwamba ameshakaa mlangoni.

Kushuka kulikuwa kuzuri. Baridi ilipuliza shingoni, shangazi akajifunga blanketi. Tulipofika Baraka mjomba alisimama, akachovya kijiti ndani ya tangi la esansi, mafuta ya motokari, akakitazama kijiti muda mrefu. Pipa la dukani lilikuwa tupu wiki ile, unakumbuka.

"Shangazi," akasema, "tukienda Swima na baridi hii, kupanda Fizi nitasukuma na mabega."

"Kwa nini? Si ulijaza?"

"Nilijaza. Lakini baridi haitoke bure. Moteri ni moja, kazi ni mbili: iko inatukokota, iko inatengeneza baridi. Ni sawa na muntu wa tano ndani ya motokari, na huyo iko anakunywa esansi."

Shangazi akavua kitambaa chake cha kichwa, akakisokomeza kwenye matundu nyuma yetu. "Basi. Nimeziba. Sasa haitakunywa."

Mjomba alicheka mpaka akaegemea mlango. "Ee mama! Umeziba mudomo, lakini tumbo iko inakula tu. Mpaka nifungue huku mbele, nitoe mukanda unaozungusha ile mashini."

"Usitoe. Mutoto atoke jasho, poda ishuke, kule baseme nimebaletea mupishi? Hapana. Swima tuache. Huyo Tate atamuona siku ingine."

Siku ingine! Tate, na ule umri wake.

Ndipo ukanitazama. Yaya, yale macho niliyafahamu. Ni macho yangu mimi, mbele ya mama anayeuza chumvi.

"Mjomba, toa mukanda."

Hata mimi niligeuka kutafuta nani amesema. Shangazi aliufungua mdomo. "Kumbe huyu iko na sauti? Nani amekutuma?"

"Yaya."

"Yaya yako hakusema kitu."

"Kwa hiyo nimesema mi."

Mjomba alikuwa ameshafungua mbele, na sikuona uso wake, ila niliona mabega yakicheka.

Tukateremsha vioo vyote. Joto la ziwa likaingia, na vumbi, na harufu ya dagaa wanaoanikwa. Poda yako ilishuka mistari mpaka kidevuni. Upepo ulipiga kelele sana, shangazi akilalamika hakuna aliyemsikia, naye hakusikia mtu. Hapo ukainama, ukavunja mwiko wako sikioni mwangu: "Usirudi kunyamaza."

Tate alikutazama mlangoni na ile mistari usoni, akasema, "Huyu ndiye wangu. Yule wa poda singemujua." Halafu akakurushia maji, na poda iliyobaki ikaondoka. Ulipopanda meli Baraka hukugeuka, kwani bibi arusi hageuki. Lakini ulipopita kando yangu kifua cha nguo yako kilikuwa bado kimeloa, nami nilikutazama mpaka watu wakakuziba.

Tulipanda Fizi mjomba na mimi, vioo wazi, moteri haikuzimika hata kwenye kona ile mbaya. "Unaona? Esansi imetosha," akasema. Sikujibu. Tangu hapo sikujibu watu wengi. Ulinikataza, nami nilinyamaza, kwa sababu hakuna aliyenitazama tena vile.

Juzi mjomba alinikuta njiani nikitoka shule, akanipandisha. Mkanda umerudishwa. Ndani kulikuwa na baridi na kimya, kimya hata nikasikia ninavyopumua. Nikateremsha kioo.

"We mutoto! Unamwanga baridi inje na esansi pamoja!"

"Basi toa mukanda," nikamwambia. Akanitazama, nami nikaendelea: "Meli ya kwenda Albertville, wakati masomo yatafungwa, utaniombea nafasi?"

"Nani amekutuma?"

Nikasema, "Mi."

Kaa salama, yaya. Uniachie upande wa ukutani.

Mimi mdogo wako