Roboti Sikuivunja Mimi

Mtaa wa Msimbazi,
Dar es Salaam.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, kifua chako kimepoa tangu mvua zikatike? Na Mama, goti linamruhusu kwenda shambani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Barua yako nimeipata. Unasema Mzee Aminieli amekuarifu kwamba nimevunja mali ya mteja dukani kwake, nikamtukana mbele ya watu, na kwamba nirudi nyumbani kwa sababu ufundi saa si kazi ya mwanamke. Nimeisoma mara tatu nimesimama palepale posta, watu wakinipiga vikumbo. Baba, umenilea mwenyewe. Uliwezaje kumwamini kabla ya kuniuliza?

Ilikuwa hivi. Alikuja mama mmoja muuguzi, Bi Mwanahawa, na roboti ya mwanawe. Ni kichezeo cha plastiki: ukiikunja inakuwa lori, ukiikunjua inasimama na mikono na miguu kama mtu. Kaka yake huyo mama, baharia, ndiye aliyeileta. Mtoto amevunjika mguu, amelala na plasta mpaka kiunoni, na hicho ndicho kinachomfurahisha. Lakini viungo vilikuwa vimelegea. Ukiisimamisha inapiga magoti, ukiinua mkono unaanguka.

Mzee aliitazama akacheka. "Mpe binti, midoli ni mambo yao."

Nikaipokea. Nikafungua skrubu, nyingine ndogo kuliko za saa ya mkononi, nikakuta pini za viungo zimelika. Za magotini nikazipaka rangi ya kucha, nyembamba, nikaacha ikauke, nikapaka tena, mpaka zikajaa kwenye matundu yake. Goti likawa linakunjika, na ukiliachia linabaki palepale. Kabla sijagusa mabega, Mzee akanituma Kigamboni kuchukua saa ya ukutani ya mteja mwingine.

Foleni ya pantoni ya kuvukia pale Magogoni ilinishika hadi alasiri. Huku nyuma, kama alivyonisimulia baadaye, Bi Mwanahawa akaja mapema. Mzee hakutaka kumwambia asubiri. Akaingia nayo chumba cha nyuma, akamimina gundi mabegani mwa roboti, ikashika kama saruji. Mama alipotaka kuikunja ikakataa. Mzee akainyakua, akailazimisha, mkono ukakatika.

Nafika nimekumbatia saa, nakuta mama wa watu amefura, watu wamejaa barazani, na Mzee ananinyooshea kidole: "Huyu hapa ndiye aliyeharibu! Mwombe mama radhi."

Nikasema, "Mzee, gundi siijui mimi. Nilipaka rangi ya kucha, tena magotini tu."

"Unanibishia mbele ya mteja? Mimi niliyekutoa kijijini?"

Baba, sikumtukana. Nilisema, "Mzee, tuonyeshe vidole vyako." Basi. Gumba na shahada vilikuwa vyeupe, vimekakamaa kwa gundi.

Bi Mwanahawa alivitazama, kisha akakunja goti la roboti. Likakunjika taratibu, likatulia. "Hili nani kalitengeneza?"

"Mimi, mama."

Akamgeukia Mzee. "Na mvi zote hizo, huoni haya?"

Hapo ndipo Mzee aliponifukuza. Kikoba changu cha bisibisi akakitupa barabarani. Nimeziokota moja moja nimepiga magoti, mikokoteni ikipita karibu na kichwa changu. Hilo hakukuandikia, sivyo? Jumapili kanisani ananiita mwanangu, Jumatatu ananiuza ili asiaibike mbele ya mteja!

Bi Mwanahawa alinichukua kwake. Siku mbili nilikaa barazani nikikwangua gundi kwa wembe. Nikachonga pini mpya ya bega kutoka spoki ya baiskeli, nikaipaka rangi ya kucha ya Bi Mwanahawa mwenyewe. Nilipompelekea mtoto kitandani, aliinua mkono wa roboti, akauachia. Haukuanguka. Akaushusha, akauinua tena. Akacheka, akaanza kuikunja iwe lori.

Sasa nina meza yangu barazani kwa muuza vitenge, mkabala na duka la Mzee. Wateja wake wawili wameshavuka barabara kuja kwangu. Adabu sijaiacha. Kila asubuhi namwamkia shikamoo kwa sauti, naye, mbele ya mtaa mzima, inambidi aitikie marahaba.

Kwa hiyo sirudi, Baba. Nisamehe kwa ukali wa maneno, ila sina mengine. Siku nyingine ukiletewa neno juu yangu, niulize kwanza. Yeye ni rafiki yako. Mimi ni mwanao.

Mbusu Mama, mwambie asilie, nakula na ninalala. Msalimie shangazi anayeuza ndizi sokoni na bibi mzaa mama. Msalimie na kaka mkubwa, maana najua ndiye aliyekusomea barua ya Mzee. Mwambie na hii aisome kwa sauti ileile.

Ni mimi binti yako, fundi saa,
Ndeshi