Usisahau Kura

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Murugi amenipigia simu leo. Tumeongea nusu saa nzima, mimi na yeye, mpaka sikio likapata moto. Mtoto akienda chuo ndipo unajua alikuwa wa nani.

Haya. Uongo. Alipiga simu ya mamake, Njoki, kama kila siku, na ile nusu saa ilikuwa yao. Mimi nilipewa mwisho, kama mbwa anayetupiwa mfupa. Baba uko sawa? Niko sawa. Ng'ombe? Wako sawa. Haya, bai. Hata ule moto ulikuwa wa sikio la Njoki. Simu ilinifikia ikiwa tayari imechemka.

Wiki ya tano sasa tangu tumpeleke chuo, huko upande wa Meru. Wavulana wanne, kuanzia Mwai, walitoka hapa na sikuhesabu siku. Huyu ni wa mwisho, msichana pekee, na ana jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mama. Njoki hana ruhusa ya kumwita hivyo. Lakini ndiye anapigiwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimesimama nje ya dirisha la jikoni nikijifanya natafuta panga. Nilitaka kusikia hiyo dawa ambayo mke wangu humpa mtoto.

Hakuna dawa. Umekula? Umekula nini? Hiyo si chakula, ni vitafunio. Na jana ulikula? Dakika ishirini, kula tu. Kumbe ndiyo siri. Mimi nimekula miaka sitini na tisa, hakuna kitu najua vizuri kama hicho.

Njoki akafungua dirisha. Panga iko mkononi mwako, akasema.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeiba neno lake. Tukingoja majani chai yapimwe, nilikaa juu ya gunia nikaandikia Murugi ujumbe wangu mwenyewe, wa kwanza maishani. Nikamwambia asisahau, hata kama ni kidogo, ndiyo nguvu. Nikatuma.

Hakujibu. Njoki alipigiwa saa kumi na moja kama kawaida.

Jumatano, 8 Oktoba

AMENIPIGIA. Simu yangu. Nilikuwa nakatia ng'ombe nyasi, nikaangusha kila kitu.

"Baba, nani alikushow?"

Kunishow, yaani kuniambia, nini? Sikuuliza. Mzee akiuliza anaonekana hajui. Nikasema mimi niko na masikio yangu.

"Nilikuwa sitaki mjue mpaka nishinde. Hata mami sijamwambia."

Nikasema hmm. Ile hmm ya wazee wa kanisa.

Kumbe anasimama udelegeti, kuwakilisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anashindana na kijana mmoja anaitwa Mwenda, mtoto wa huko huko, kila mtu ni binamu yake. Kura ni Jumatano ijayo. Halafu akasema neno ambalo bado nalitafuna. Kwamba mami kila siku ni umekula, umekula, mpaka Kagwiria, yule wanalala naye chumba kimoja, anamuigiza. "Wewe baba ndiye wa kwanza kuniuliza kitu kingine."

Alipokata nikavaa miwani, nikasoma ujumbe wangu. Huu hapa, vile ulivyo:

"Usisahau kura mama. Hata kama ni kidogo. Bila kura hakuna nguvu. Babako."

Kura! Mimi na herufi L hatujawahi kupatana, ulimi wetu wa Tetu huigeuza R. Humu kwa daftari naandika pole pole, nikikumbuka kiboko cha mwalimu wa darasa la nne, ndiyo maana inatoka sawa. Kwa simu vidole vinafuata ulimi. Nilimwambia mtoto wangu akule, akasikia siasa.

Ningemwambia ukweli. Lakini alikuwa amefurahi sana. Na mimi pia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kanipigia tena. Njoki alinyoosha mkono aletewe simu. Nikamwambia haya ni mambo ya watu wakubwa, nikaenda kuongelea zizini.

Chai ya leo imekuja bila sukari.

Jumamosi, 11 Oktoba

Murugi anaogopa. Anasema akisimama mbele ya watu anasahau yote aliyopanga kusema. Ameniuliza nifanye nini, baba. Mimi. Niliyeacha shule darasa la tano.

Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kuambia mtoto. Kwamba nilisimama kamati ya kiwanda cha kahawa, kabla yeye hajazaliwa, nikapata kura saba. Na kwa ukoo wetu peke yake tulikuwa watu kumi na wawili. Alicheka mpaka nikasikia huyo Kagwiria akiuliza ni nini. Kisha akaniuliza kama niliumia. Nikasema niliumia mwaka mzima, na mwaka huo sikupita njia ya kiwanda, nilikuwa nazunguka kwa mto. Akasema asante baba.

Wale wavulana wanne hawajui hiyo habari ya mto. Hata Njoki alifikiri napenda kutembea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Njoki hakupigiwa jana. Wala leo. Mtoto anazunguka vyumba akiomba kura, na zile dakika kidogo anabaki nazo ananipa mimi. Wiki moja iliyopita ningechinja kuku kwa furaha.

Saa kumi na moja Njoki aliweka simu yake mezani, akaketi karibu nayo akichambua maharagwe ambayo alikuwa ameshachambua. Akaniuliza, bila kuniangalia, kwani nimemkosea nini.

Nikasema mtandao ni mbaya.

Niliahidi Murugi sitasema. Lakini si ahadi peke yake, niseme ukweli humu. Ni utamu. Najua ule wivu wake vile unauma, nimeulalia wiki tano, na bado sikutaka kumpa hata kijiko.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ndiyo kura. Murugi alisema matokeo yanatoka alasiri na atapiga hapo hapo.

Njoki alichukua simu yangu asubuhi apigie daktari wa ng'ombe. Akakutana na ule ujumbe. Na Njoki ni mtu wa Tetu kama mimi, aliona kura akasikia kula, hakusumbuka hata kidogo.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Kumbe ni maneno yangu," akasema. "Mimi nikimwambia akule ananichoka. Wewe ukimwambia akule anakupigia kila siku."

Nikieleza, natoa siri ya mtoto. Nisipoeleza, mimi ni mwizi. "Leo akipiga," akasema, "nitachukua hiyo simu nimuulize mimi mwenyewe, chakula cha baba yako kina utamu gani kuliko changu." Akabeba ndoo akaenda kukamua.

Sasa ni saa kumi na nusu. Simu iko hapa karibu na daftari. Akimuuliza, Murugi atajua nilitaka kusema kula tu, sikuwahi kumuuliza kitu kingine. Leo, kati ya siku zote. Ashinde au ashindwe.

Nasikia ndoo. Anarudi. Nitamwambia hivi, niandike kwanza nisikosee:

Mama Mwai, unakumbuka ile sufuria ya githeri ya kanisa, uliyoiangusha njiani ukasema imemwagwa na mbwa wetu? Mama mchungaji aliniuliza mimi, na nikasema ndiyo, nilimwona huyo mbwa. Hatuna mbwa. Sijawahi kukudai. Leo nakudai kidogo tu: simu ikilia ongea wewe wa kwanza, ongea hata nusu saa, lakini usitaje ule ujumbe wangu, na usimuulize kama amekula.