Koti ya Casimir

Ketsia, weka byote chini usome. Leo bamemuaibisha Tante Constance mbele ya batu.

Unamukumbuka ule profesa wa teatre mwenye alikujaka kwa kilio ya Casimir, bwana ya Tante? Mwenye alikulaka bugali yetu, akalia kutushinda siye benyewe?

Ameleta kitabu yake hapa Baraka, kwa sale ya mikutano. Anawasha ekran, video yenye alikamata kwa kilio inaanza: Tante! Amevaa koti ya marehemu, anachechemea sawa vile Casimir alikuwaka. We unajua, kwetu mujane anavaaka ile koti na kuiga mwendo ya marehemu mara moja tu, siku ya kumuaga bwana.

Chini bameandika: "Mwigizaji bila jina."

Bila jina, Ketsia! Tante mwenye alimupikiaka ule profesa!

Kisha profesa akamunyooshea Tante, mwenye alikuwa amekaa na siye mu sale, koti ingine mupya: "Mama, utuonyeshe tena kidogo."

Eti tena! Tena!

Tante akasimama pole pole. "Nani amekufa?"

Profesa akacheka. "Hakuna, mama. Ni teatre tu."

"Na ile siku ulilia kwangu, na we ulikuwa unacheza teatre?"

 Lakini bageni ba profesa, benye bamekaa mbele, bakazania ni teatre, bakasimama, bakamupigia Tante makofi.