Kahawa Iliyozama

Jumamosi. Mvua ya alfajiri imelaza vumbi jeusi la mtaa wetu, na Goma ina ubaridi wa kupendeza.

Naomba radhi, wasomaji wangu, kwa kunyamaza muda mrefu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na swali nisilotaka kuliandika, maana likishaandikwa hudai jibu.

Mdogo wangu Kambale, anayetunza shamba la marehemu wazazi wetu karibu na Butembo, anataka kuikata miti ya kahawa aliyoipanda Baba. Alinipigia simu: "Yaya, hii miti imezeeka. Sema tu ndiyo, nipande mikaratusi. Mbao ziko na soko." Mimi ndiye yaya, dada mkubwa na kifungua mimba; bila neno langu hatagusa panga. Kisha akanitumia mfuko wa kahawa ya mavuno ya mwisho. "Ya kuagana," alisema.

Leo nimeitengeneza kama Mama alivyonifundisha. Nimekaanga punje katika sufuria kavu juu ya makaa, nikizigeuza kwa mwiko bila kupumzika, mpaka zikaalika na kupata rangi ya udongo uliolowa. Nimezipoza kwenye ungo, nikazitwanga. Nimechemsha maji na kuyaepua kabla ya kutia kahawa. Nimekoroga, nimefunika, kisha nimenyunyiza maji baridi kidogo ili machicha yashuke.

Chujio halihitajiki. Subira ndiyo inayohitajika.

Furaha, mke wa mwanangu, alitoka ndani mbio. "Mama! Majirani watasema nyumba inaungua!"

"Waje na vikombe," nilimjibu.

Kahawa ya utoto wangu ilikuwa chungu, yenye harufu ya moshi, nami nimeitamani maisha yangu yote. Lakini haikuwa hii. Kila msimu Mama alimimina matunda ya kahawa katika beseni la maji. Yaliyozama, mazito na mazima, yalikwenda kwa mnunuzi. Yaliyoelea, yaliyotobolewa na wadudu, yalibaki nyumbani. Hayo ndiyo tuliyokunywa.

Kambale amenitumia yaliyozama.

Nimeonja. Ni tamu kuliko ya Mama. Inaniuma kuandika hivyo.

Furaha alimaliza kikombe bila sukari. "Kumbe siku zote tulikuwa tunakunywa nini?"

Nilikuwa ninamwaza Mama, aliyeiosha kahawa hiyo mpaka uzeeni. Sidhani kama aliwahi kuonja kikombe kimoja cha ile iliyozama.

Mpaka jana ningesema: miti isikatwe, kwa sababu ya kumbukumbu. Sasa najua kwamba kumbukumbu yangu ni ya kahawa mbovu, na kwamba miti inayoitwa mizee bado inazaa hii. Lakini nikikataa, nani ataipalilia? Kambale amechoka, wanawe wako mijini, nami niko huku.

Nilizoea kujificha nyuma ya Mama kila nilipoulizwa habari za shamba lile. Safari hii siwezi. Neno ni langu. Nikishampa Kambale neno hilo, nitaandika.